Bandu Bandu Huisha Gogo: Jinsi Bapa Dogo la Gurudumu Linavyoangamiza Behewa la Mizigo

Katika gombolola ya Lobule, wilayani Koboko, hakuna reli wala stesheni. Mtoto anayezaliwa huko anaweza kukua hadi kuota ndevu bila kusikia honi ya garimoshi. Saruji, mabati, chumvi, sabuni na mahindi ya kulisha maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliopokewa katika makazi ya Lobule tangu mwaka 2013, vyote hufika kwa malori, kupitia Pakwach, Nebbi, Arua na Koboko. Hata hivyo, ndugu msomaji, nimechagua kuanzia Lobule ili nizungumze juu ya magurudumu ya mabehewa ya reli, na sababu yangu nitaieleza.

Alasiri moja niliona vijana wawili huko wakisukuma toroli la mbao lililobeba madumu matatu ya maji. Gurudumu lake, nalo la mbao, lilikuwa limelika upande mmoja, na mahali pa mviringo palikuwa na ubapa wa upana wa vidole vitatu. Kila lilipomaliza mzunguko toroli liliruka, maji yakamwagika, na mikono ya msukumaji ikatikisika. Nilipolitazama kwa karibu niliona kwamba mshikio mmoja ulikuwa umepasuka na kufungwa kamba, tena si mara moja, bali kamba juu ya kamba. Msumari ulioshika ekseli ulikuwa umekwisha kupanua tundu lake. Ubao wa chini ulikuwa umeongezewa ubao mwingine. Kila kitu katika toroli lile kilikuwa kimetengenezwa isipokuwa gurudumu.

Hapo ndipo penye somo lote la makala hii. Katika behewa la mizigo lenye uzito wa makumi ya tani, mambo huenda vivyo hivyo. Mafundi hubadilisha springi, hubadilisha beringi, huchomelea nyufa za fremu na kukaza bolti zilizolegea, na baada ya miezi michache kazi ile ile huwarudia. Mara nyingi chanzo cha yote kimekaa chini kabisa, mahali pa ukubwa wa kidole gumba, kwenye uso wa gurudumu unaogusa reli.

NJIA NDEFU KUTOKA PWANI

Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa na wakoloni, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, mwaka 1901. Upana baina ya reli zake mbili ni meta moja tu. Katika miaka ya 1920 njia ilipelekwa kutoka Nakuru hadi Eldoret na kuingia Uganda kupitia Tororo. Tawi la kaskazini lilifika Soroti mwaka 1929, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Kwa zaidi ya miaka 30 tawi la Soroti lilibaki hapo hapo, mpaka miaka ya mwanzo ya 1960 lilipoendelezwa kupitia Lira na Gulu, na hatimaye kufika Pakwach, ukingoni mwa Mto Nile, mwaka 1964.

Kwa watu wa Nile Magharibi jambo hilo lilikuwa kubwa. Kabla ya hapo pamba ya wilaya hiyo ilitegemea meli za mtoni, ikipakiwa katika bandari kama Rhino Camp. Garimoshi lilipofika Pakwach, mkulima wa tumbaku wa Arua na Koboko alipata njia ya chuma ya kumfikisha Mombasa, ingawa reli yenyewe haikufika Arua hata leo.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Uganda ikaunda shirika lake. Miaka iliyofuata haikuwa ya heri kwa tawi la kaskazini. Vita, uhaba wa fedha na kuchakaa kwa njia viliifanya reli ile iote majani. Mwaka 2013 garimoshi la mizigo lilionekana tena Gulu, kisha safari zikazorota. Na katika miaka ya 2020 kazi ya kukarabati sehemu ya Tororo hadi Gulu ikaanzishwa.

Tusidanganyane: si magurudumu yaliyoifunga njia hiyo. Lakini yeyote anayetamani kuiona ikifanya kazi tena, na kudumu, lazima ajue adui anayeiua reli kimya kimya wakati hakuna vita wala mafuriko. Adui huyo huzaliwa garimoshi likiwa safarini, tena wakati mwingine huzaliwa katika dakika moja tu.

BAPA HUZALIWAJE

Gurudumu la behewa ni kipande kizima cha chuma, na magurudumu mawili hukazwa juu ya ekseli moja yakawa kama kitu kimoja. Halina mpira wala upepo. Mahali linapogusa reli pana ukubwa wa sarafu ndogo. Chukua mfano wa behewa lenye ekseli nne, ambalo pamoja na mzigo wake lina uzito wa tani 56. Magurudumu ni manane, basi kila sarafu hiyo hubeba tani saba.

Maadamu gurudumu linazunguka, uzito huo hugawanyika kwa haki katika mviringo wote. Balaa huanza linapokataa kuzunguka huku behewa likiendelea kuvutwa. Hapo gurudumu huburuzwa juu ya reli kama kisu juu ya jiwe la kunolea, na mahali pamoja tu ndipo panaposagika. Ubapa huo ndio tunaouita bapa.

Sababu za kukwama ni nyingi, na nyingi kati yake ni za kibinadamu. Ya kwanza ni breki ya mkono kusahauliwa. Behewa limesimama siku tatu katika yadi ya stesheni, breki yake ya mkono imekazwa lisitembee. Kisha garimoshi linaundwa usiku, mvua inanyesha, mtu mmoja haendi kuifungua, na behewa huondoka likiburuzwa. Ya pili ni breki zisizoachia sawasawa kwa sababu ya ubovu wa mabomba au vyuma vyake. Ya tatu ni utelezi: umande wa alfajiri, mafuta yaliyomwagika, au majani yaliyopondwa juu ya reli. Ya nne huwapata zaidi wale wanaosafirisha mizigo upande mmoja. Behewa likienda limejaa na kurudi tupu, nguvu ya breki inayofaa kwa tani 56 huwa kubwa mno kwa behewa tupu. Ndiyo maana mabehewa mengi yana kishikio cha kubadili nguvu ya breki baina ya mzigo na tupu. Kishikio kikisahauliwa upande wa mzigo, behewa tupu likifunga breki huteleza na kujichonga bapa.

Tena bapa si ubapa mtupu. Joto la msuguano huupandisha uso wa gurudumu hadi nyuzi zaidi ya 700 kwa kitambo kidogo. Garimoshi likiachia breki na gurudumu likazunguka tena, chuma baridi kilichobaki huinyonya ile joto mara moja. Kila aliyewahi kumtazama mhunzi akitumbukiza panga jekundu ndani ya maji anajua matokeo yake: chuma huwa kigumu, lakini hupoteza ustahimilivu na kuvunjika kama kigae. Ngozi hiyo nyembamba, ngumu na dhaifu, hupasuka nyufa ndogondogo chini ya zile tani saba. Nyufa hukutana, na vipande vya chuma hubanduka kama maganda ya mti mkavu. Hivyo bapa laini la leo huwa shimo lenye kingo kali la mwezi ujao.

Kuna ndugu wa bapa ambaye huzaliwa bila gurudumu kukwama. Njia iliyopeleka mizigo Uganda hupanda hadi Timboroa, mahali palipo zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi Tororo palipo chini ya nusu ya kimo hicho. Katika mteremko mrefu kama huo breki hubana magurudumu kwa muda mrefu, uso wake ukapata moto, ukapoa, ukapata moto tena. Chuma hutanuka na kunywea, na nyufa za joto hujipanga kwa kukata uso wa gurudumu. Hazionekani kwa mtu apitaye haraka, lakini zimo.

HESABU YA MAPIGO

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 85 lina mzingo wa meta 2.67. Bapa la urefu wa sentimeta tano juu ya gurudumu hilo lina kina cha robo tatu ya milimeta tu. Ni kina ambacho jicho haliwezi kukiona, na kidole hukigusa kwa shida. Msimamizi mzembe ataambiwa habari yake naye atacheka.

Lakini gurudumu hilo huzunguka mara 375 katika kila kilometa moja, na katika kila mzunguko hupiga reli pigo moja. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, mwendo wa kawaida wa garimoshi la mizigo katika njia zetu, hayo ni mapigo 250 kwa dakika. Kutoka Mombasa hadi Pakwach, safari ya kilometa zaidi ya 1,500, bapa moja litakuwa limepiga mapigo zaidi ya nusu milioni. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga; wala hawakusema kwamba mchongaji awe na shoka kubwa.

Na pigo lenyewe si dogo. Katika reli za Marekani, ambako mabehewa mazito hukalisha kama tani 16 juu ya kila gurudumu, kuna mitambo iliyofungwa relini ya kupima nguvu ya kila gurudumu lipitapo. Sheria ya huko husema kwamba gurudumu likipiga pigo la ratili 90,000, yaani tani 40 na ushei, linastahili kuondolewa. Maana yake ni kwamba gurudumu bovu laweza kupiga kwa nguvu mara mbili na nusu ya uzito lililoubeba. Sheria hiyo hiyo inalihukumu bapa lolote lenye urefu wa inchi mbili, ambazo ni sentimeta tano, lile lile tulilolipigia hesabu hapo juu.

Wengine hudhani kwamba mwendo wa polepole ni kinga, na kwamba kwa kuwa magarimoshi yetu hayakimbii kama ya Ulaya basi hatuna la kuogopa. Hilo ni kosa. Likitembea polepole sana, gurudumu hulalia bapa lake na kuinuka taratibu. Mwendo ukiongezeka, gurudumu halipati nafasi ya kulifuata bapa. Huruka juu yake kisha huangukia reli. Mapigo ya bapa huanza kuwa makali kuanzia kilometa 30 hadi 40 kwa saa, na huo ndio mwendo wetu hasa.

MAUMIVU YANAYOPANDA JUU

Katika chuo cha kadeti nilijifunza jambo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote. Askari akitembea kilometa 30 na kijiwe ndani ya buti, jioni hatalalamikia mguu peke yake. Atalalamikia goti, kisha nyonga, kisha mgongo, na kesho yake atashindwa kubeba shanta. Daktari atakayempaka dawa ya mgongo bila kumvua buti atakuwa amefanya kazi bure.

Behewa nalo lina goti, nyonga na mgongo. Kiungo cha kwanza kuumia ni beringi, ambayo hukaa mwishoni mwa ekseli. Katika mabehewa mengi hakuna springi baina ya gurudumu na beringi, kwa hiyo kila pigo humfikia huyu bila kupunguzwa. Ndani ya beringi kuna vyuma vya mviringo vinavyoviringika ndani ya pete laini. Pigo likirudiwa mara laki kadhaa, vyuma hivyo huacha alama katika pete, alama huwa mashimo, vumbi la chuma huchanganyika na grisi, na grisi yenyewe huanza kuvuja kwa kuwa kizuizi chake kimelegea. Beringi isiyo na grisi hupata moto. Ikipata moto bila kugunduliwa, mwisho wa ekseli waweza kukatika na behewa likaanguka. Ubovu wa beringi una sababu nyingi nyingine pia, lakini matokeo yake hayachagui sababu.  Tarehe 3 Februari 2023, huko East Palestine, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, beringi moja iliyopata moto iliangusha mabehewa 38, mengine yakiwa na kemikali za hatari, na wakazi wakalazimika kuhama nyumba zao.

Kiungo cha pili ni bogi, lile gari dogo la ekseli mbili linalokaa chini ya kila mwisho wa behewa. Fremu zake za pembeni ni za chuma kilichosubiwa, imara kwa kubeba mzigo uliotulia, lakini si rafiki wa nyundo isiyopumzika. Nyufa huanza kwenye pembe zake, mahali chuma kinapokunja kona. Springi zake hugongana hadi mwisho wa mnyweo wao, na nyingine hukatika. Kabari za msuguano zinazotuliza mchezo wa springi husagika upesi. Na zikisha, behewa hucheza ngoma juu ya reli hata kama njia imenyooka.

Kiungo cha tatu ni vyuma vya breki. Hivi havibebi mzigo, kwa hiyo watu huvisahau. Vimeunganishwa kwa pini ndani ya matundu, na kila pini imezuiwa na kipini kidogo kisitoke. Mtikisiko huyafanya matundu ya mviringo yawe marefu kama yai, vipini vidogo hukatika, pini huchomoka. Chuma cha breki kikianguka chini ya magurudumu ya garimoshi linalokwenda, chaweza kuliondoa behewa relini.

Hapa ndipo ubaya unapofanya mduara. Vyuma vya breki vilivyolegea havibani sawasawa: gurudumu moja hubanwa mno, jingine haliguswi. Lile lililobanwa mno hukwama na kuchongeka bapa jipya. Basi bapa limezaa breki mbovu, na breki mbovu imezaa bapa. Behewa lililofika hapo halitapona kwa kubadilishiwa kiungo kimoja kimoja.

Juu ya hayo yote ni mwili wa behewa: maungio yaliyochomelewa, bawaba za milango, sakafu, na mzigo wenyewe. Na chini yake ni reli, mataruma na kokoto. Bolti zinazounganisha reli hulegea, mataruma hupasuka au kupinda, na kokoto husagika kuwa unga unaozuia maji kupita. Behewa moja lenye bapa hudhuru njia ambayo mabehewa mengine mazima yatapita. Kosa la mmoja hulipwa na wote.

CHUMA NACHO HUCHOKA

Msomaji aweza kuuliza: chuma kilichotengenezwa kubeba tani nyingi kinavunjikaje kwa mapigo ambayo kila moja halikivunji? Swali hilo liliwasumbua wahandisi wa karne ya 19, walioona ekseli za magarimoshi zikikatika ghafla pasipo mzigo wa kupita kiasi. Mhandisi wa Kijerumani August Wöhler alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, akizizungusha chini ya mzigo maelfu kwa maelfu ya mara. Alithibitisha kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja mara moja, ilmradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Chuma huchoka, nacho hakina njia ya kupumzika ili kipone.

Mfano wa karibuni ulionekana Uswisi, nchi inayosifiwa kwa utunzaji wa reli zake. Tarehe 10 Agosti 2023 garimoshi la mizigo lilikuwa likipita katika handaki la Gotthard, lenye urefu wa kilometa 57, lililo refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Gurudumu la behewa moja lilivunjika vipande. Behewa liliendelea kuburuzwa nje ya reli kwa kilometa kadhaa, likiharibu mataruma kwa maelfu. Uchunguzi ulionyesha nyufa za uchovu wa chuma zilizoanzia kwenye uso wa gurudumu unaogusa reli, na suala la joto la breki likawa katikati ya mjadala. Kwa bahati hakuna mtu aliyeumia, lakini handaki halikufunguliwa lote hadi tarehe 2 Septemba 2024. Zaidi ya mwaka mzima wa matengenezo ulitokana na nyufa ambazo mwanzoni mtu angeweza kuzifunika kwa kiganja.

SIKIO, NYUNDO NA MASHINE YA KUKEREZA

Uzuri wa adui huyu ni kwamba hajui kunyamaza. Simama kando ya njia, mbali kiasi cha usalama, usikilize. Viungo vya reli zenye urefu wa meta 12 hutoa mlio wake, na kila gurudumu hulia linapovipita. Lakini ukisikia pigo linalojirudia mara nne au tano baina ya kiungo na kiungo, likiandamana na behewa moja na kupungua nalo linapokwenda zake, hilo ni bapa. Mkuu wa stesheni mwenye sikio zuri anaweza kuhesabu behewa lenye ugonjwa na kupeleka habari stesheni ya mbele kabla garimoshi halijafika. Hilo halihitaji mtambo wowote.

Katika enzi za shirika la zamani, na katika reli nyingi duniani, alikuwapo pia mtu wa nyundo. Alipita kando ya garimoshi lililosimama akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Siku hizi kuna mitambo ya kupima joto la beringi, mitambo ya kupima mapigo, na vipimo vya sauti isiyosikika kwa sikio vinavyotafuta ufa ndani ya chuma. Vyote ni vizuri na vinafaa kununuliwa. Lakini mtambo hutoa habari tu. Asipokuwapo mtu wa kulitoa behewa njiani, habari hiyo ni karatasi.

Tiba yenyewe ni kukereza. Ekseli pamoja na magurudumu yake mawili hufungwa katika mashine, na uso wa magurudumu hukatwa hadi mviringo urudi. Tena lazima magurudumu yote mawili yakatwe sawa, kwa kuwa yamefungwa pamoja. Moja likiwa dogo kuliko jingine, ekseli itakwenda upande na ukingo wa gurudumu utakula reli. Wala haitoshi kuondoa ile robo tatu ya milimeta ya bapa. Ngozi ngumu iliyoungua na nyufa zake zote lazima ziondolewe, na zaweza kuwa zimeingia ndani mara kadhaa ya kina hicho. Gurudumu lina unene wake wa kukatwa, na unene huo ndio umri wake. Mtu aliyesahau kufungua breki ya mkono usiku mmoja amekula miaka ya gurudumu kwa usiku huo.

Kwa hiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote ni kinga. Breki ya mkono ifunguliwe, na aliyeifungua aandike. Kishikio cha tupu na mzigo kigeuzwe kila behewa linapopakuliwa. Kila garimoshi likiondoka stesheni, watu wawili wasimame, mmoja kila upande, walitazame likipita polepole, wakitafuta gurudumu lisilozunguka. Jeshini tunaita jambo hili ukaguzi wa asubuhi, na hakuna askari anayeuliza kwa nini hufanywa kila siku ilhali jana kila kitu kilikuwa sawa.

NANI ANALIPA?

Sasa turudi Lobule, ambako hakuna reli.

Behewa likigunduliwa bovu katikati ya safari hutolewa njiani na kuachwa katika stesheni ndogo. Mzigo wake husubiri. Ukiwa wa saruji, unyevu huingia. Ukiwa wa mahindi, panya hufika kabla ya fundi. Mabehewa yakipungua, garimoshi moja ambalo lingebeba mzigo wa makumi ya malori halina la kubeba. Mfanyabiashara hukata tamaa na kurudi kwa malori, reli hupoteza mapato, na kwa kupoteza mapato hukosa fedha za kununua magurudumu. Huo nao ni mduara, mkubwa kuliko ule wa breki na bapa, lakini wa ukoo mmoja.

Gharama ya yote hayo husafiri kuliko behewa. Huvuka daraja la Pakwach, hupanda Nebbi, hupita Arua na Koboko, na hushukia juu ya bei ya mfuko wa saruji wa mjane anayejenga chumba kimoja huko Lobule. Mkulima wa tumbaku au wa muhogo hulipa mara ya pili anapouza, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kukata nauli katika bei. Hao hawajaona bapa la gurudumu maishani mwao, nao ndio walipaji wake wa mwisho.

Siku njia ya kaskazini itakapofunguliwa tena hadi Pakwach, patakuwa na hotuba, ngoma na utepe wa kukatwa. Na iwe hivyo, maana ni haki ya wananchi kushangilia. Lakini katika shangwe hizo pawepo mtu wa kuuliza maswali matatu. Mashine ya kukereza magurudumu iko wapi, nayo inafanya kazi? Ni nani aliyepewa mamlaka ya kulisimamisha behewa bovu hata kama mwenye mzigo analalamika? Na yule mfanyakazi wa yadi ambaye hufungua breki za mkono usiku wa mvua, je, ana tochi, koti la mvua na mshahara unaofika kwa wakati?

Wale vijana wa toroli niliwaona tena kabla sijaondoka Lobule. Mshikio ulikuwa umefungwa kamba mpya, ya rangi ya buluu, imara kweli kweli. Gurudumu lilikuwa lile lile, na madumu yalikuwa yakifika nyumbani yakiwa yamepungua maji.